Jina Lililo Kwenye Pasipoti Yako

Kitale, Alhamisi alasiri

Mwanangu Nasimiyu,

Barua za watu wenye adabu huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua. Saa hizi uko saluni pale nyuma ya stendi, umeinamishwa kichwa, wasichana wawili wanakusuka huku wakikushauri kuhusu Uingereza, nchi ambayo hawajaiona hata kwenye kalenda. Mama yako ameenda Kiminini kwa dada yake kuchukua kuku wa jioni. Nyumba imebaki yangu peke yangu. Nimekaa mezani, mbele yangu kuna ile bahasha ya kaki yenye karatasi zako zote, na nimeamua kuandika sasa kabla hamjarudi. Nikingoja jioni nyumba itajaa watu, na mimi nitajificha nyuma yao kama nilivyozoea.

Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia usali, ule mboga, wala upige simu kila Jumapili. Hayo umeambiwa na kila aliyepita hapa wiki hii, na wote walikuambia wakiwa na chakula chetu mdomoni. Aliyenichosha kabisa ni khocha wako, ndugu ya mama yako. Alikaa kwenye kiti changu Jumapili tangu ibada ilipoisha mpaka taa zikawashwa, akikufundisha namna ya kupanda ndege. Mtu huyo safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Mbale, na alirudi siku ileile kwa sababu alikuwa amesahau koti.

"Ukifika eyapoti usiangalie watu kwa macho," akakuambia. "Ukiangalia-angalia hivi, wanajua tu huyu ni mshamba."

Mimi nilimwangalia yeye machoni. Ndipo akatoa ule mfuko. Unga wa wimbi, akasema, na kitu kingine kilichofungwa kwa gazeti na kamba ya katani, ati umpelekee mtoto wa rafiki yake anayekaa London. Wewe huendi London. Nilipomwambia hivyo alinicheka, akasema Uingereza si kubwa, mtaonana tu sokoni. Nilipomuuliza kilichofungwa kwenye gazeti ni nini, akasema, "Ni vitu tu, shemeji." Vitu tu! Unaweza kusimama mbele ya askari wa nchi ya watu, mbwa wake akinusa begi lako, umwambie ni vitu tu?

Mfuko huo nimeshaurudisha kwake leo asubuhi, na sasa hasemi na mimi, jambo ambalo nimelipokea kwa furaha. Usibebe mzigo ambao hukuufunga kwa mikono yako, awe amekupa ndugu, mchungaji au mama mzee anayelia. Na nikishasema hivyo inanibidi nijisute, kwa sababu mimi mwenyewe nimekufungia mzigo na umekuwa ukiubeba tangu uzaliwe. Nitaufikia. Nipe nafasi nizungukezunguke kwanza, ni tabia yangu.

Karatasi zako ziko sawa. Nimezihesabu mara nne. Cheti cha kuzaliwa ni kile kipya, si kile cha kwanza nilichokipeleka kwa mama wa kopi akakitia plastiki. Nilitoka pale dukani nimekishika juu juu ili watu wa Kitale waone jinsi mwanangu anavyotunziwa vitu. Ofisini wakaniambia cheti kilichotiwa plastiki hakipokelewi, kwa sababu hawawezi kuugusa muhuri wake. Mzee mzima, storikipa wa miaka ishirini na mitano, mtu ambaye kazi yake yote ni karatasi. Tukaanza upya, miezi miwili ikapotea, na wewe hukunisema hata neno. Ningependa ungenisema.

Kadi ya homa ya manjano iko ndani ya pasipoti. Cheti cha tabia njema kiko nyuma yake. Mkataba wako wa kazi nimeusoma wote, hata yale maandishi madogo ya chini, na pale ambapo sikuelewa nimeweka alama ya penseli ili uulize kabla ya kutia sahihi yoyote nyingine. Nambari ya ubalozi nimeiandika kwenye karatasi ndogo. Ishone ndani ya nguo, usiitegemee simu, kwa maana simu huibwa na betri huisha. Kopi moja ya kila kitu itabaki kwenye sanduku la nguo la mama yako. Nyingine ikae mbali na pasipoti yenyewe, begi tofauti kabisa.

Na pasipoti isishikwe na mtu mwingine isipokuwa yule anayeigonga muhuri, tena ukiwa umesimama hapo unamwangalia. Unamkumbuka yule ajenti wa Bungoma, mwenye viatu vilivyochongoka na simu mbili mezani, zote hazilii? "Wacha nikuwekee hii pasipoti, sista, isije ikapotea," akakuambia, na mkono wako ukaanza kwenda. Nilikuona. Ni adabu tuliyokufundisha sisi, ukiombwa kitu na mtu mkubwa unatoa. Droo yake ilikuwa wazi kidogo na ndani mlijaa pasipoti za watoto wa watu, zimefungwa kwa mpira kama karata. Nilikunyang'anya ile pasipoti kwa nguvu mpaka ukaona aibu. Njiani ukaniambia, "Papa, si ungeongea tu polepole." Hapana. Na huko uendako, mwajiri akitaka kukutunzia pasipoti, mwambie hapana, hata kama ana mvi na anakuita mpenzi. Hasa akikuita mpenzi.

Ulinishangaa siku hiyo kwa jinsi nilivyotetemeka. Ulidhani ni hasira ya ajenti. Nilitetemeka kwa sababu nilikuwa nimeona mtu akichukua karatasi ya mwenzake kirahisi hivyo, huku akitabasamu, na nilijua kazi hiyo naifahamu kuliko yeye.

Fungua pasipoti yako. Imeandikwa Ruth Nasimiyu Barasa. Ulipokuwa darasa la nne uliniuliza kwa nini kuka, babu yako, anaitwa Nalianya, mimi nyumbani naitwa Wekesa, na shuleni wewe unaitwa Barasa. Nilikuwa ninanyoa ndevu. Nikakujibu bila hata kugeuka kwamba Barasa ni jina la ukoo, la mzee mmoja wa zamani aliyekuwa shujaa wa vita. Ukaenda ukamwandikia mwalimu insha nzima kuhusu shujaa huyo. Ulipata alama ya juu na nikaibandika ukutani.

Hakuna shujaa. Barasa ni mtu, yu hai, umri wake ni wangu, na jina ni lake. Mimi nililichukua.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa bila kujipamba. Nilikuwa darasa la saba nikaanguka mtihani, nikaanguka vibaya. Siku zile sheria haikuruhusu urudie mtihani kwa jina lako, kwa hiyo mahedimasta wa kwetu walikuwa na njia yao. Mtoto aliyesajiliwa akiacha shule kabla ya mtihani, kiti chake hupewa yule aliyeanguka mwaka uliotangulia. Yule aliyeanguka anaingia chumba cha mtihani na jina la mwenzake, akipita anaendelea nalo sekondari, na maisha yanaendelea. Wazazi wote walijua. Wachungaji walijua. Nenda leo katika ofisi yoyote kuanzia Bungoma mpaka hapa, uliza wazee wenye tai ni wangapi wanaitwa kwa majina ambayo mama zao hawayajui. Wataanza kukohoa.

Patrick Barasa alikuwa mwanafunzi wa kwanza katika darasa la saba nililokuwa narudia, madawati mawili mbele yangu. Alikuwa akimaliza hesabu kabla mwalimu hajamaliza kuziandika ubaoni. Wiki chache kabla ya mtihani baba yake akafariki. Mjomba wake akamchukua ng'ambo ya mto Lwakhakha, ulio mpaka wa nchi, kuchuma kahawa ili wadogo zake wale. Hedimasta wetu, mtu aliyevaa tai hata akienda shambani, aliniita ofisini kwake.

"Wekesa," akasema, "kiti kipo, jina lipo, mtoto hayupo. Unakaa, ama nitafute mwingine?"

Nilikaa. Babu yako Nalianya alichinja jogoo. Hakuna hata mmoja katika nyumba yetu, hata mimi mwenyewe, aliyeuliza mtoto huyo akirudi itakuwaje.

Mwaka uliofuata alirudi. Alikuwa amechuma kahawa msimu mzima, amewaachia wadogo zake chakula, akaja aendelee na shule alipoachia. Hedimasta akamwambia jina lake limeshafanya mtihani na limepita vizuri, hongera, liko kidato cha kwanza. Kisha, kwa wema wake, akamwambia achukue la mtu mwingine, kwa maana kulikuwa na mawili yamebaki.

Barasa akamjibu, "Mimi niko na langu." Akatoka, na hakurudi tena shuleni.

Habari hiyo niliipata nikiwa bwenini, nimevaa sare mpya yenye jina lake limeshonwa kwenye kola. Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Niliwaambia wenzangu huyo ni mjinga, si angechukua tu la mwingine kama watu wote. Nimecheka vicheko vingi vya kipumbavu maishani, na hicho ndicho ninachokisikia mpaka leo.

Baada ya hapo kila karatasi ilizaa nyingine. Cheti cha shule kilisema Patrick Barasa, kwa hiyo kitambulisho kikasema Patrick Barasa. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya wazazi, nikaandika wazazi wake. Nilimwandika mama yake kuwa mama yangu, huku mama yangu akiwa hai, yuko jikoni, ananipikia. Mahali pa kuzaliwa nikaandika kwao, karibu na Lwakhakha. Nikapata kazi hapa Kitale katika ghala la mahindi. Nikamwoa mama yako, yeye akijua, na tangu uzaliwe ananiita Baba Nasimiyu, hajawahi kuniita Patrick hata mbele ya wageni. Nilidhani ni heshima.

Ulipokuwa ungali wa kubebwa mgongoni, kampuni ilinichagua niende ng'ambo miezi sita kujifunza kuhifadhi nafaka. Mimi, kati ya watu arobaini. Meneja aliniambia nilete cheti cha kuzaliwa ili nitafutiwe pasipoti. Cheti cha nani? Kadi yangu ya ubatizo ilisema Wekesa Nalianya. Nikikitafuta cha Barasa, ningelazimika kwenda kwao kumwomba mama yake aape kwamba alinizaa. Nilijigeuza kitandani wiki mbili. Kisha nikamwambia meneja kwamba mama yangu ni mgonjwa sana, siwezi kumwacha. Mama siku hiyo alikuwa shambani anapalilia, na alipalilia miaka kumi na minne mingine. Alikwenda mwenzangu wa meza ya pili, akarudi na koti la kijivu ambalo alilivaa hadi Januari, jasho likimtoka. Nililidharau koti lile kwa miaka mingi. Nilikuwa ninalitaka.

Sasa mwaka huu. Ulipoomba pasipoti waliona kwamba baba yako amezaliwa mpakani, na watu wa mpakani huulizwa zaidi. Wakataka barua ya chifu wa mahali nilipozaliwa. Wewe ulisema, "Si ni barua tu, Papa? Enda tu uchukue." Nikavaa suti. Nikaenda Bungoma, nikapanda tena gari la Lwakhakha, nikaingia ofisini kwa chifu nikiwa na kitambulisho mkononi na sauti ya mtu mkubwa.

Chifu alikitazama kitambulisho, akanitazama mimi.

"Patrick Barasa namjua," akasema. "Ako pale darajani anasukuma baiskeli ya mizigo. Sasa wewe ni nani?"

Nimeulizwa maswali mengi na watu wenye vyeo. Sijawahi kuulizwa lililo zuri kama hilo. Nikasema nitarudi. Nikatembea hadi darajani.

Unajua jinsi watu wetu wanavyovuka pale. Asubuhi unaenda ng'ambo kununua vitunguu, mchana unarudi, hakuna anayekuuliza karatasi kwa sababu shangazi yako anakaa upande ule na shamba lako liko upande huu. Barasa anafanya kazi hapo. Anapakia magunia mawili ya vitunguu kwenye baiskeli isiyo na pedali, anaisukuma kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ana nywele nyeupe kuliko zangu. Amevaa akala, viatu vya tairi. Alinijua kabla sijafungua mdomo.

"Mulembe, Barasa," nikamsalimia.

"Unaniita Barasa?" Akaiegemeza baiskeli kwenye nguzo. "Si Barasa ni wewe?"

Tulikaa kwenye gunia. Njiani nilikuwa nimemnunulia sukari na blanketi, kama mtu anayeenda kuona mgonjwa. Akaniambia maisha yake bila kulalamika, na afadhali angelalamika. Alipofika umri wa kuchukua kitambulisho alienda, akaambiwa mwenye jina hilo na wazazi hao ameshachukua. Alirudi mara tatu. Mara ya nne karani akamwambia akirudi tena atafungwa kwa kujifanya mtu. Kwa hiyo hana. Hajawahi kupiga kura. Shamba la baba yake limeandikwa kwa mdogo wake, na mdogo wake sasa anamwonyesha mpaka wa kulima. Hajawahi kufika hata Nairobi, kwa kuogopa askari wa njiani wanaotaka kitambulisho. Dunia yake inaanzia upande huu wa daraja na kuishia upande ule, ambako watu wanamjua kwa sura.

Na mimi miaka hiyo yote nilijua yuko. Kila mwezi nilikuwa Bungoma kwa kazi za ghala. Sikuwahi kukata kona kwenda kumwona. Nilikuwa ninajiambia kwamba pengine amefanikiwa.

"Unataka nini?" akaniuliza.

Nikamwambia nataka aje kwa chifu aseme mimi ni ndugu yake, ili niandikiwe barua. Nilipoyasikia maneno yangu yakitoka nilitamani ardhi inimeze, lakini niliyamalizia.

"Ni ya msichana ama kijana?"

"Msichana. Ni nesi. Amepata kazi ng'ambo."

"Anajua hii maneno?"

"Hapana."

Akayatazama magurudumu ya baiskeli yake. "Nitakuja," akasema. "Si juu yako. Mtoto hakuiba kitu. Lakini utamwambia, kabla hajapanda hiyo ndege. Na utamuuliza."

"Nimuulize nini?"

"Kama narudishiwa jina langu. Mimi nataka kitambulisho kabla sijakufa, bana. Nataka wanizike na kalatasi yangu. Lakini wewe ukienda kuapa ukweli, hiyo pasipoti yake inaweza sumbuliwa. Mimi sijasoma, lakini hiyo naona. Kwa hivyo usiape mpaka yeye aseme. Mimi sikuulizwa. Yeye aulizwe."

Kisha akainuka, akaacha vitunguu vya watu darajani, akatangulia mbele. Mbele ya chifu alisema, "Huyu ni ndugu yangu, tuko jina moja." Chifu akatutazama sote wawili, akaandika. Alijua vizuri sana anachokiandika. Nilikuwa nimetumaini Barasa atalikataa lile blanketi, anitupie miguuni, ili angalau nitukanwe nikatulie. Alilichukua akaliweka begani, kwa sababu Lwakhakha asubuhi kuna baridi.

Huo ulikuwa wakati wa mvua za Aprili. Leo ni Agosti. Nilisema nitakuambia pasipoti ikitoka. Ilipotoka nikasema tungoje visa, usije ukachanganyikiwa kwenye mahojiano. Visa ikatoka, nikasema acha kwanza uage kazini. Mimi ni hodari wa sababu, Nasimiyu, ningeweza kuziuza. Jioni hii watu watajaa hapa, watainua soda zao, waseme Barasa amelea, binti ya Barasa anaenda Ulaya. Watampongeza mtu aliye Lwakhakha anayesukuma vitunguu, na watakuwa wananishika mkono mimi.

Kwa hiyo nakuuliza, na nisikie vizuri kabla hujanijibu.

Nilimwendea wakili mmoja Bungoma nikajifanya ninamuulizia rafiki. Akakaa nyuma ya vitabu vyake ambavyo nadhani hajavifungua, akaniambia inategemea. Nikimkamata mtu wa sheria akisema neno jingine nitashangaa. Nikiapa ukweli, huenda wakaongeza karatasi moja tu kwenye faili lako na yakaisha, kwa kuwa wewe ni mwanangu kwa jina lolote. Na huenda wakaiita pasipoti yako, uambiwe uanze upya ukiwa nchi ya watu, mwajiri akakosa subira, ukarudishwa na begi lako. Mimi pia huenda nikashtakiwa, lakini hilo usilitie kwenye mizani. Nina miaka zaidi ya hamsini na nimekula matunda yake yote. Wewe ndiye utakayekuwa peke yako mbele ya meza ya mtu asiyekujua.

Ukisema hapana, sitaapa. Nitabaki Barasa, na yeye atabaki bila kitu, na kosa litakuwa langu kama lilivyokuwa, halitahamia kwako. Ukisema ndiyo, Jumatatu nitamchukua Lwakhakha, tutaenda pamoja kwa mwapishaji, na kila karatasi itakayotoka huko nitakutumia kopi uiweke na nyingine. Jambo moja tu nakuomba, usiniambie tungoje kwanza. Hilo ni jibu langu, nimelijibu tangu nikiwa na suruali fupi, na unaona lilichomfanyia mtu.

Usijibu kwa kunihurumia. Usijibu pia kwa kunikasirikia, ingawa una haki ya hasira yote iliyoko. Sijui mimi mwenyewe natamani useme lipi. Kuna dakika natamani uende salama na dunia yote ipotee huko nyuma yako, na dakika inayofuata namwona yule mzee akiiegemeza baiskeli, na ninajichukia. Nakupenda. Hilo sijakuambia kwa sababu kwetu baba haambii mtoto maneno hayo, na hiyo nayo ni adabu ya kijinga, tuiache hapa. Najivunia wewe kiasi kwamba nimeogopa kukupoteza kwa kusema ukweli, na nimeogopa hivyo tangu siku ile ulipoandika insha ya shujaa.

Nikuambie pia nilichokuwa nimepanga kufanya na barua hii. Nilitaka kuiweka chini kabisa ya bahasha, nyuma ya mkataba, uikute ukiwa juu angani mahali ambapo huwezi kuniuliza kitu wala kuniona uso. Ndiyo maana nimeiandika badala ya kukuita tukakaa. Ni mpango wa yule yule mtu aliyemwambia meneja kwamba mama yake ni mgonjwa.

Nasikia geti. Ni wewe, mama yako hawezi kuwa amefika. Unamsalimia jirani, anakusifu nywele, unacheka. Barua haiendi kwenye bahasha. Ukiingia nitakuambia ukae kwenye kile kiti changu, nami nitasimama nikusomee kuanzia mwanzo, kwa sauti, pamoja na pale nilipocheka. Nikifika hapa nitanyamaza, na zamu itakuwa yako.

Ni mimi baba yako,

Wekesa, mwana wa Nalianya.